Mwenye usonji anapozidiwa: si deko, wala si jeuri

BabaWaKimara (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni baba wa kijana wa miaka 11 mwenye usonji, na nimefungua uzi huu kwa sababu ya neno moja nililolisikia kituoni masika yaliyopita, ambalo mpaka leo sijaacha kulifikiria.

Siku hiyo tulipanda basi Kimara kwenda Kariakoo kununua viatu vya shule. Kijana wangu anaijua njia ile kituo kwa kituo, na basi likiondoka huvitaja vyote chini chini huku akigusa vifungo vya shati lake kimoja baada ya kingine: Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo. Tulipofika Magomeni tukaambiwa tushuke sote, maji yamejaa Jangwani na gari haliendelei. Abiria wakaanza kusukumana mlangoni, mvua ikawa inapiga bati la kituo kwa kishindo, na mtu mmoja nyuma yetu alikuwa akizungumza na simu kwa sauti ya kushindana na mvua. Kijana akasema, "Jangwani." Akarudia, "Jangwani, Jangwani," na kila alipolirudia sauti ilipanda. Mimi, kwa haraka zangu, nikamvuta mkono na kumuuliza mara tatu mbona haelewi. Aliziba masikio, akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa, akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia nje ya nyumba yetu, kisha akaanza kujing'ata mgongo wa mkono.

Haikupita dakika watu wakawa wametuzunguka. Mmoja aliniambia nimchape kwa kuwa ananidekea. Mwingine alisema huyo ana kitu, apelekwe akasomewe. Wa tatu, mama wa makamo aliyekuwa na beseni la ndizi, alisogea akaniuliza taratibu, "Baba, mtoto amezidiwa?"

Nimeliwaza sana swali lile. Kwa Kiswahili tukisema mgonjwa amezidiwa, hakuna anayeuliza kwa nini amefanya hivyo wala anayetafuta fimbo. Watu husogea pembeni apate hewa, mmoja hutafuta maji, mwingine hushika mzigo. Tukisema mtoto anadeka, au amechachamaa, au ana jeuri, tumekwisha kumhukumu, na hukumu hiyo huja na adhabu yake. Hali ile ile, dakika ile ile, jina tunaloipa ndilo linaloamua mikono yetu ifanye nini. Wataalamu wa hapa kwetu wengine huita hali hii mlipuko, nami sina ugomvi nao, ila mlipuko ni neno la mtu anayetazama kutoka nje. Kuzidiwa ni neno la aliye ndani.

Sasa kwa nini anazidiwa? Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa nayo. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika juu ya watoto 11 aliowachunguza, alitaja waziwazi hofu kubwa waliyokuwa nayo kwa sauti za vitu kama lifti, mashine za kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, hata upepo. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, unaihesabu hisia iliyozidi au iliyopungua ya sauti, mwanga, mguso na harufu kuwa mojawapo ya vigezo vya usonji. Kwa hiyo tunapozungumzia kelele na lebo ya shati hatuzungumzii maringo.

Ubongo wa wengi wetu huchuja. Wewe unayesoma hapa huenda feni inazunguka juu yako na hukuisikia mpaka nilipoitaja. Wenye usonji wengi hawana mchujo wa namna hiyo, au wanao lakini hauaminiki: feni, mlio wa taa, harufu ya deki, soksi yenye mshono, maneno ya mama na ya redio, vyote vinaingia kwa uzito mmoja. Juu yake weka mabadiliko ya ghafla, ambayo kwa mtu anayetegemea mpangilio ni kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Mwili huyasoma yote hayo kuwa ni hatari. Adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo na kutafuta maneno, hushindwa kushika usukani. Ndiyo maana swali langu la "mbona huelewi" halikuwa na wa kulijibu. Nilikuwa nimeongeza kelele tu.

Kosa letu la pili ni kudhani kuwa jambo la mwisho ndilo lililosababisha. Jangwani ilikuwa ya mwisho. Nilipokaa usiku kuhesabu nilikuta kwamba alilala vibaya kwa sababu ya mvua juu ya mabati, asubuhi alivaa shati jipya, na chai aliinywa katika kikombe kisicho chake kwa kuwa chake kilikuwa hakijaoshwa.

Naomba walio na uzoefu wachangie, na wenye mashaka pia wayaseme.

MzeeWaBusara

Mleta uzi, nimekusoma kwa heshima, lakini nina shaka. Sisi tulilelewa na wazazi wasiojua habari za usonji, tulipojigaragaza dukani tulichapwa na tukanyooka. Nitajuaje kwamba huyu kweli amezidiwa na yule wa jirani anataka biskuti?

BabaWaKimara (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, nami nilikuwa nikijiuliza hilo hilo kabla sijajifunza kutazama.

Mtoto anayetaka biskuti analia akikuchungulia. Ukiondoka chumbani atakufuata au atanyamaza, ukimpa biskuti kilio kinakatika kama redio iliyozimwa, na hata akijigaragaza huchagua mahali pasipo na mawe. Aliyezidiwa hatazami nani anamtazama. Ukimpa kile unachodhani anakitaka hakimsaidii, pengine atakitupa. Anaweza kujiumiza kweli: kijana wangu ana kovu mkononi. Na yakiisha, hatoki na ushindi, hutoka amechoka kama aliyelima, wengine hulala palepale, wengine huona aibu na kuomba msamaha wa jambo ambalo hawakulichagua.

Nikiri pia kwamba mpaka huo hauko wazi kila siku. Mtoto mwenye usonji ni mtoto, anaweza kudeka kama wenzake, na deko likiendelea kwa muda katika mahali penye kelele linaweza kugeuka kuwa kuzidiwa. Mimi nikiwa na shaka humchukulia kuwa amezidiwa. Nikikosea hivyo, hasara yake ni biskuti moja.

Ama fimbo, mzee wangu, niliijaribu alipokuwa na miaka 5, sitaki kuwaficha. Alinyamaza. Nilidhani imefaa, kumbe alikuwa ameganda: macho yako wazi, mwili mzito, hasikii jina lake, na alikaa hivyo mpaka jioni.

MwalimuWaKitengo

Nafundisha kitengo cha wanafunzi wenye usonji katika shule ya msingi ya serikali, na ninataka kulikazia suala la kuhesabu yaliyotangulia, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu kubwa ilipo.

Tuna daftari moja la mistari. Kila mwanafunzi anapozidiwa tunaandika saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitokea nusu saa kabla, na nini kilimtuliza. Hatuandiki "alikuwa mkorofi", kwa maana hilo ni maoni na halitusaidii kesho yake. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyezidiwa karibu kila Ijumaa katika kipindi cha tatu, na walimu walikuwa wamekubaliana kwamba hapendi hesabu. Daftari lilionesha kuwa Ijumaa ndiyo siku ya paredi yenye bendi ya shule. Ngoma zilipigwa saa moja na nusu asubuhi, yeye akavumilia, akavumilia mstarini, akavumilia kipindi cha kwanza na cha pili, kisha hesabu zikabeba lawama za ngoma. Tulimruhusu abaki darasani wakati wa paredi akipanga madaftari. Ijumaa zake zikawa kama siku nyingine.

Kuna jambo jingine linalowagombanisha walimu na wazazi bila sababu. Mzazi anakuja kulalamika kwamba mtoto akifika nyumbani tu anatupa begi na kupiga kelele saa nzima, mwalimu anajibu kwamba shuleni ni mtulivu kabisa, basi kila mmoja anamwona mwenzake ndiye tatizo. Mtoto huyo shuleni anajibana. Anaiga wenzake, anajizuia kupepea mikono kwa kuwa alichekwa, anakaa na sweta linalomwasha, na nyumbani ndipo mahali pa kwanza ambapo ni salama kuachia. Namshauri mzazi asimwulize mtoto wa namna hiyo lolote katika nusu saa ya kwanza. Amwekee maji, amwache avue sare, maswali ya shule yatangoja.

Tena jamani, kupepea mikono, kujitikisa na kuzungusha kitu vidoleni havikatazwi katika darasa langu. Ni namna mwili wake unavyojituliza kabla mambo hayajafika mbali. Ukivizuia umefunika sufuria inayotokota.

UmmuSalma_Msa

Assalamu alaykum nyote. Naandika kutoka Mombasa. Binti yangu ana miaka 14 na hazungumzi, ila anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka juzi alianza kuzidiwa usiku, mara tatu au nne kwa juma, akijipiga shavu kwa kiganja. Watu wa nyumbani walisema ni jini, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Alisomewa, alipewa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, anywe, sikukataa kwa kuwa Qur'ani haimdhuru mtu. Lakini alizidi kujipiga, na kila mara ni shavu lile lile la kushoto. Shangazi yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, ndiye aliyesema, "Huyu anatuonyesha mahali." Tulimpeleka kwa daktari wa meno. Gego lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Liling'olewa, na siku chache baadaye alilala usiku kucha.

Kwa hivyo nawaomba wazazi wenzangu, mtoto asiyeweza kusema "naumwa" akibadilika ghafla, anzeni na mwili: meno, masikio, tumbo kufunga, na kwa wasichana waliobaleghe angalieni tarehe. Binti yangu siku mbili kabla ya hedhi hata sauti ya mwiko kwenye sufuria humkera. Sasa tunajua, na siku hizo hatumpeleki harusini.

Muuguzi_Zamu

Dada, umelisema vyema. Niongeze kwa ufupi mambo ya usalama.

Mtu aliyezidiwa asilazwe kifudifudi na kukaliwa au kukandamizwa mgongoni. Kifua hukosa nafasi ya kupanuka na watu wamekufa kwa njia hiyo, hata mikononi mwa waliokuwa na nia njema. Ondoa vitu vinavyoweza kumjeruhi, weka nguo iliyokunjwa au mto kati ya kichwa na ukuta, simama upande badala ya mbele yake, na umshike pale tu anapoelekea barabarani au kwenye moto, kisha umwachie mara hatari inapopita.

Pia msichanganye na kifafa, ambacho huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine. Mtu akipoteza fahamu, akikakamaa au akitetemeka viungo kwa mapigo yanayofuatana, hiyo ni degedege; mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na ikizidi dakika 5 mkimbize hospitali.

Kuhusu dawa, kwa kuwa kila mara kuna anayeuliza: hakuna kidonge cha usonji. Marekani iliidhinisha risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009 kwa ajili ya hasira na kujiumiza kwa watoto wenye usonji, nazo husaidia baadhi yao, lakini zinaweza kuongeza uzito na usingizi na zinahitaji daktari anayefuatilia. Usinunue dukani kwa sababu ya jirani.

Mhasibu_Kimya

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuamua kuandika. Nina miaka 33, ni mhasibu, na nina usonji. Ofisini wachache sana wanajua. Kila mtu hapa ameeleza anachokiona, naomba nieleze kinachoonekana kutoka upande wangu.

Dalili ya kwanza kwangu ni kwamba sauti hupoteza umbali. Mtu anayechapa kwenye kompyuta meza ya tatu anakuwa kama anachapa juu ya kichwa changu. Kisha maneno ya watu yanabaki kuwa sauti tu. Najua ni Kiswahili, najua kila neno, ila hayaungani kuwa sentensi. Nikiulizwa swali wakati huo natakiwa kulitafuta jibu, kulipanga, kisha kulitamka, na kila hatua ni mlango uliofungwa. Mtu akirudia swali kwa sauti ya juu zaidi, ananirudisha mlango wa kwanza.

Nilipokuwa mtoto nilipiga kelele na kuvunja vitu. Siku hizi huwa nazima. Kwa nje utaona mtu ametulia, pengine amelala macho wazi, kumbe ndani ni hali ile ile iliyokosa pa kutokea. Nimewahi kukaa kwenye ngazi za jengo saa nzima nikitazama kiatu changu, wenzangu wakipita na kunisalimia, na salamu zote nilizisikia. Siku ya pili nililaumiwa kwa majivuno.

Mleta uzi, umesema kwamba kuzidiwa ni neno la aliye ndani, nami nalipokea. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na watu wengine kuna pande mbili: sisi tunashindwa kuwasoma nyinyi, na nyinyi mnashindwa kutusoma sisi, ingawa ni sisi tu tunaoambiwa tuna upungufu. Kituoni pale Magomeni watu thelathini walishindwa kumsoma mtoto mmoja, na aliyeonekana ana tatizo akawa mtoto.

Kinachonisaidia mimi ni mtu kunyamaza na kubaki. Asinishike bega. Asiniambie nivute pumzi. Akae hatua chache kutoka nilipo, azime taa kama anaweza, asimamishe wengine wasije. Nikirudi nitasema mwenyewe, ila itachukua muda, na siku hiyo sitakuwa na faida kwa kazi nyingine.

MzeeWaBusara

Kijana mhasibu, ahsante. Nina mjukuu wa miaka 6 ambaye kila jioni, majira ya saa moja, hukimbia huku na huko akilia na kujigonga ukutani, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika fimbo. Mleta uzi, nianzie wapi?

BabaWaKimara (mleta uzi)

Mzee wangu, anzia pale alipo mwalimu: daftari. Ikiwa ni kila jioni saa moja, basi kuna kitu cha saa moja. Keti chumbani humo siku mbili tatu bila kufanya lolote, usikilize kama mgeni. Kwetu ilikuwa mita ya umeme. Uniti zikikaribia kuisha Luku ilikuwa ikilia "pii, pii" ukutani mwa korido, nasi tulikwisha kuizoea kiasi kwamba hatuisikii tena, ila yeye aliisikia akiwa chumbani mlango umefungwa. Sasa nanunua umeme kabla haujafika huko, na huo ndio ukawa ushauri wa bei nafuu kuliko wote niliowahi kupata, ingawa fedha ya umeme ni ile ile.

Akianza, punguza maneno mpaka yabaki mawili au matatu, yale yale kila siku. Mimi husema "Baba yupo" basi. Zima televisheni, watoe wengine chumbani, usimtake akutazame machoni. Yakiisha usimfanyie kikao. Mpe maji, mpe kanga au shuka ajifunike ikiwa anapenda uzito mwilini. Mazungumzo ya nini kilitokea yafanyeni kesho yake, kwa picha ikiwa maneno ni machache.

UmmuSalma_Msa

Na njiani je? Mimi nyumbani naweza, watu ndio wanaonimaliza.

BabaWaKimara (mleta uzi)

Dada yangu, nina sentensi moja niliyoikariri na naitamka kwa sauti ya kawaida bila kuomba radhi: "Mwanangu ana usonji, amezidiwa, naomba mtupishe." Neno usonji wengine hawalijui, lakini amezidiwa kila mtu analijua, na nimeona miguu ikirudi nyuma. Yule mama wa ndizi alifanya zaidi. Alitua beseni, akavua kanga yake ya juu, akaishika kwa mikono miwili kama pazia kati yetu na watu, akageuza uso upande wa pili ili hata yeye asimtazame. Alisimama hivyo hadi mvua ilipopungua. Sikupata jina lake.

MzeeWaBusara

Na zile kinga za kuziba masikio wakati wa kelele zinauzwa wapi? Nimeziona kwa watoto wa Kizungu tu.

BabaWaKimara (mleta uzi)

Mzee, usitafute za watoto. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, uliza kinga ya masikio wanayovaa mafundi wa mashine za mbao. Chukua yenye mkanda unaopungua, umjaribishie mjukuu nyumbani siku ambayo ametulia, dakika chache tu, asije akaijua kwa mara ya kwanza akiwa katika kelele. Ya kwetu kijana wangu aliikataa wiki nzima kwa sababu ya harufu ya plastiki. Tuliianika kambani siku tatu, ndipo akaivaa.